Kaburi Namba Mbili

Mwezi uliopita nilistaafu, na haikupita wiki kijana aliyekalia kiti changu akanipigia simu kuniuliza ufunguo wa geti la kaburi uko wapi. Nikamwambia geti halina kufuli wala halijapata kuwa nalo, ila ufunguo upo kwenye mtoto wa meza, na kila asubuhi lazima autilie saini. Kisha akasema, "Ami Seif, si ungetuandikia haya mambo?"

Basi naandika. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu, ambalo ni jembamba na halitawachosha. Hapa nitaeleza kazi ilivyokuwa, na nitaeleza jambo moja ambalo nusu yenu mmelisikia kwa kunong'onezwa na nusu nyingine mmelisikia vibaya.

Siku yangu ya kwanza nilifika idara ya mambo ya kale, Maskati, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, nikidhani nitapewa bunduki. Nilipewa fagio, tepu ya mita thelathini, kopo la rangi nyeupe, brashi mbili na bunda la fomu za ukaguzi. Aliyenikabidhi alisema kaburi liko nyuma ya Qurayyat, juu ya kilima, na huko nitamkuta Ami Masoud, ambaye atanieleza mengine. Nikauliza ni kaburi la nani. Akasema hilo hata wao hawajaambiwa.

Barabara ya siku zile ilipinda sana milimani. Kaburi nililiona kabla sijamwona mlinzi wake: duara la mawe ya chokaa lililofika kifuani pa mtu mzima, mawe yamechongwa na kupangwa bila tone la udongo katikati, na upande mmoja mlango wa pembetatu ambao hata mbuzi aliyeshiba hapiti. Lina miaka zaidi ya elfu nne. Paa lake liliporomoka zamani, na mawe yalikuwa yametawanyika mteremko mzima. Ami Masoud alikuwa amekaa chini, kanzu kaipandisha magotini, anakula tende.

"Umekula?" aliniuliza kwa Kiswahili, maana alishasikia kwamba wazee wangu walitokea Unguja kama wake. Kabla sijajibu akasema, "Usikanyage hapo."

Mafunzo yangu yote yalikuwa hayo, na yaliyofuata kwa miaka tisa yalikuwa maelezo tu. Alinifundisha kwamba ukuta wa mawe hukaguliwa jua likichomoza, kwa kuwa jiwe lililolegea hutupa kivuli chembamba ambacho saa tano hukioni tena. Alinifundisha kutokupiga tepu kwenye jiwe bali kuilaza. Alinifundisha kufukuza mbuzi kwa kupiga makofi na si kwa kuwarushia mawe, kwa sababu jiwe ukilirusha ndani ya uzio halitoki tena, linakuwa mali ya serikali, na kuna mtu atakayelazimika kuliandikia ripoti. Mtu huyo alikuwa mimi.

Fomu za ukaguzi zinahitaji aya yake. Mtu fulani, Mola amsamehe, alikuwa amezinakili kutoka fomu za majengo ya serikali, kwa hiyo kila mwezi tuliulizwa hali ya mabomba, hali ya taa, na idadi ya wakaaji. Mwaka wake wa kwanza Ami Masoud aliandika kwenye wakaaji "Haijulikani", akaletewa barua ya kutakiwa ajieleze. Tangu hapo aliandika "Hakuna mabadiliko" na hakuulizwa tena. Nanyi endeleeni hivyo hivyo. Wakati mmoja tuliletewa kibao cha namba ya nyumba kwa ajili ya kaburi, pamoja na onyo la maandishi kwamba tangi la maji la juu ya paa halijasafishwa. Ami Masoud alijibu kwa adabu kwamba paa lenyewe halipo. Wakaleta onyo la pili, kuhusu paa.

Wageni walikuwa wachache. Meli za watalii zikitia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, mara nyingine basi dogo lilifika hadi kwetu likiwa na wazee wa Kizungu wenye kofia pana. Bibi mmoja aliniuliza kaburi hufungwa saa ngapi. Nikamwambia lilifungwa zamani sana. Akaangalia saa yake, akasikitika.

Sasa nije kwenye kosa letu.

Juu ya kilima pana upepo wa kaskazini ambao huzima moto wa kahawa kila unapouwasha. Mwaka wangu wa pili, Ami Masoud alisimama akautazama mteremko, akasema mawe haya yamelala hapa yanangoja nini. Tukaanza kuyachukua, yale yaliyoanguka toka kaburini, moja moja, tukayapanga duara hatua sabini kutoka kaburi lenyewe. Kwa asubuhi mbili tulikuwa na jiko: kuta zinafika magotini, mdomo umeelekea kusini mashariki ili moshi usiturudie machoni. Yeye alikuwa na mkono wa kupanga mawe ambao sijauona kwa mtu mwingine. Hakutia udongo hata punje.

Wiki hiyo hiyo, kwa brashi yangu mwenyewe, nilikuwa nimepaka rangi upya bango la geti: NI MARUFUKU KUHAMISHA JIWE LOLOTE. Nikamkumbusha. Akaniambia, "Hatuyahamishi, Seif. Yalikuwa yamelala, tumeyakalisha." Nilikuwa kijana, na kahawa ilikuwa tayari, nikaona maneno yake yana mantiki.

Kijijini chini ya kilima alikuwako Bi Ghaniya, mjane, mzaliwa wa Pemba aliyeletwa huku na ndoa. Alikuwa na mbuzi sita, na mbuzi hao walikuwa na tabia ya kupotea. Walipotea mara tatu kwa wiki, na kila walipopotea walipandia kwetu, na yeye akawafuata na mfuko wa vitumbua mkononi. Alikuwa akikaa upande mmoja wa jiko, mimi na Ami Masoud upande mwingine, wakizungumza habari za karafuu na za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Baada ya miezi kadhaa Ami Masoud aliteremka mwenyewe akachagua jiwe bapa, akalipandisha na kuliweka upande anaokaa Bi Ghaniya. Hakusema la nini. Mimi nilikuwa kijana, kama nilivyosema, na nilidhani shughuli yote ile ni ya mbuzi.

Miaka kadhaa ikapita, kisha ikaja barua: mtaalamu anatoka Ulaya, atapima kaburi na eneo lake lote. Hapo tukashtuka, maana kuwasha moto ndani ya uzio ni kosa, na kugusa mawe ni kosa kubwa zaidi. Mtu mwenye akili angelibomoa jiko siku ile. Nilimwambia. Ami Masoud alilitazama akasema, "Halafu kahawa tutapikia wapi?" Badala yake tukalisafisha. Tulizoa majivu, tukasugua mawe kwa brashi, tukamwaga mchanga wa bondeni ndani, tukaufagia. Tulifanya kazi nzuri kupita kiasi. Tulipomaliza, jiko lilikuwa kama kitu ambacho mkono wa mtu haujakigusa kwa miaka elfu nne.

Daktari, ndivyo tulivyomwita mtaalamu yule, alikuwa mtu mwema na mpole. Siku ya pili alipita penye jiko letu, akasimama, akavua kofia.

Jioni ya siku ya mwisho Ami Masoud alimkaribisha nyumbani kwake pamoja na mkurugenzi wetu wa wakati ule. Hapa nyinyi mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa, ila naandika kwa ajili ya atakayekuja kusoma kutoka mbali. Kwetu mgeni akitosheka na kahawa huitikisa finjani kidogo kabla ya kuirudisha. Asipoitikisa, anamiminiwa nyingine. Na mgeni mwenye finjani yako mkononi hapingwi. Ukiwa na neno la kumkosoa, unasubiri atikise.

Daktari alikunywa finjani ya kwanza, akasema amegundua kaburi la pili. Ami Masoud alikuwa ameshika dele la kahawa, uso umembadilika, anasubiri. Daktari hakujua desturi ya kutikisa. Akarudisha finjani, akamiminiwa. Akasema kaburi hilo ni dogo, huenda ni la mtoto au la mtu mnyonge. Akamiminiwa. Akasema mdomo umeelekezwa kwa makusudi kwenye mawio ya jua la msimu wa baridi. Akamiminiwa. Kwenye finjani ya tisa alikuwa ameshafika kwenye ibada za moto, kutokana na weusi ambao brashi zetu hazikuutoa kwenye mawe ya ndani, na kwenye jiwe bapa la upande mmoja, ambalo alisema ni jiwe la sadaka, kwa kuwa nyuma yake amekuta kokwa za tende zisizo na idadi. Kutokana na wingi wake, alisema, ni wazi kwamba ibada ilirudiwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Hapo alikuwa sahihi kabisa.

Kwenye finjani ya kumi na nne macho yalikuwa yamemtoka, na mkurugenzi alikuwa ameshatoka nje kumpigia simu mtu wa gazeti. Daktari hakutikisa mpaka anaondoka. Ami Masoud alibaki amesimama mlangoni na dele tupu, akaniambia, "Kesho nitasema." Kesho yake jiko lilikuwa gazetini, na picha.

Hivyo ndivyo jiko letu lilivyoingia kwenye rejista kama Kaburi Namba Mbili. Likawekewa uzio wake na bango lake, nililolipaka rangi mimi, na eneo la hifadhi la mita mia mbili kila upande. Vipande vya makaa alivyovichukua Daktari chini ya mchanga kwenda kupimwa, nijuavyo mimi, bado vinangoja zamu kwenye rafu fulani. Sisi tukawa tunanywa kahawa ya chupa ndani ya gari. Mbuzi wa Bi Ghaniya wakaacha kupotea.

Ami Masoud alistaafu, na baada ya miaka michache akafa. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Nilimlilia kama nilivyomlilia baba yangu, na huenda zaidi kidogo, kwa kuwa baba hakunifundisha kazi.

Nami nikabaki na siri. Kwa miaka mingi niliwaeleza watu habari za Kaburi Namba Mbili. Niliwaeleza wanafunzi, mabalozi, na wazee wa Kizungu wenye kofia pana, nikinyoosha kidole kwenye jiwe la sadaka na kushusha sauti. Mchungaji mmoja mzee alipita siku moja na ngamia wake, akainama, akanusa, akasema hapa panatoka harufu ya kahawa. Nikamwambia ni upepo. Nilisema uongo huo huku nimevaa beji ya serikali, na ninauonea aibu hadi leo. Lakini kila nilipotaka kusema, nilimfikiria Ami Masoud kaburini. Mlinzi wa mambo ya kale aliyeyabomoa mambo ya kale ili achemshe kahawa: hilo ndilo jina ambalo watu wangemwachia, na mwenyewe hayupo ajitetee.

Kisha maji yakashuka bondeni msimu mmoja wa mvua kubwa yakachukua nyumba ya Bi Ghaniya. Mwanawe, anayekaa Ghubra mjini Maskati, alimchukua akamweka kwake ghorofa ya tatu. Alikaa mwezi mmoja, akarudi. Alisema kule anasikia majirani wakifungua mabomba lakini hamwoni mtu. Serikali ilimpa kiwanja kingine mahali pa juu kidogo, ubavuni mwa kilima chetu, pasipofikiwa na maji. Mwanawe akapeleka ramani. Kibali kikakataliwa: kiwanja kiko ndani ya eneo la hifadhi la Kaburi Namba Mbili.

Akawekewa kibanda cha bati pembeni ya barabara, yeye na Prossy, msichana wa Kiganda aliyekuwa akimtunza. Mnajua Qurayyat mwezi wa sita kulivyo. Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta amekaa nje kwenye kivuli cha gari la maji, miguu imemvimba, Prossy anampepea kwa kipande cha boksi.

"Karibu Seif," alisema. "Ndani hapaingiliki. Jana nimetia sufuria ya wali juu ya kitanda, ikapata moto yenyewe."

Nilicheka kwa sababu ndivyo alivyotaka. Kisha akaniuliza polepole, "Lile kaburi lililonizuwilia nyumba yangu, si jiko lenu lile?"

Nikasema ndilo.

"Mie sitosema," alisema. "Si langu kusema. Lakini nna miaka sabiini na tisa, mwanangu, na nataka kufia ndani ya nyumba yenye ukuta."

Prossy alinitazama. "Baba," akasema, "mama halali. Mchana joto, usiku joto. Mimi naogopa."

Nilirudi Maskati nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Niliandika kwamba Kaburi Namba Mbili ni jiko la kahawa, na kwamba nimelijenga mimi peke yangu. Neno peke yangu niliandika kwa makusudi. Mkurugenzi wa sasa hivi, ambaye wakati jiko linajengwa alikuwa skuli, aliisoma mara mbili akaniita.

"Ami Seif, wewe ni mtaalamu wa mambo ya kale?"

"La. Mimi mlinzi."

"Basi huna sifa ya kusema kwamba si kaburi."

"Lakini nimelijenga mimi."

"Hayo unayasema wewe. Daktari amesema kwamba ni kaburi, kwa kurasa thelathini na nane, na ramani." Alifungua ripoti akanionyesha ramani. Niliitambua sehemu niliyokuwa nikiweka sukari. "Kuna shahidi mwengine?"

"Amekufa."

"Aliye hai?"

Nikanyamaza. Huwezi kumtaja ofisini mwanamke mjane kwamba alikuwa akipanda kilimani kunywa kahawa na mwanamume asiye mumewe wala maharimu wake, hata kama mimi nilikuwapo muda wote nikila vitumbua. Mkurugenzi akaiweka barua yangu ndani ya faili la Kaburi Namba Mbili, chini ya kichwa cha habari "Maoni ya Wageni".

Nilimrudia Bi Ghaniya kumwambia nimeshindwa.

"Kakuuliza kama kuna shahidi?"

"Kaniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nikanyamaza, Bi Ghaniya. Watu watasema."

"Watasema nini?" aliuliza. "Kwa umri huu? Wakisema ntafurahi. Prossy, lete buibui langu lile jipya."

"Leo, mama? Ni mbali."

"Leo."

"Sawa mama," alisema Prossy, na kwa Kiarabu cha kazini akaongeza kwamba hakuna shida, "mafi mushkila." Tukaondoka.

Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, akaagiza kahawa. Bi Ghaniya aliipokea finjani, akanywa, akairudisha bila kutikisa. Akamiminiwa. Ndipo akaanza kusema, na nikafahamu kwamba hakusudii kutikisa mpaka amalize.

"Hilo jiko limejengwa na Masoud na huyu Seif. Seif kaandika peke yake, muongo. Masoud ndiye aliyeanza, na Masoud ndiye aliyejua. Huyu alikuwa akimpa mawe tu, na mengine akiyaangusha." Akamiminiwa. "Hilo mlilosema jiwe la sadaka ni kiti changu mie. Magoti yalikuwa yakiniuma, Masoud kaliona bila ya kuambiwa, kalileta. Na hizo kokwa za tende ni zangu, nikizitema nyuma." Akamiminiwa. "Msimfichie kitu. Kama kakosa, kakosa. Lakini jambo alilolifanya vizuri kwa mikono yake ni lile, nanyi mmempa mtu wa miaka elfu nne. Msimnyang'anye."

Nilikuwa nimekuja kulinda jina la Ami Masoud kwa kumfuta, na bibi yule alikuwa amekuja kulirudisha. Niliinamisha uso.

Bi Ghaniya akaitikisa finjani. Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa na ruhusa ya kusema, aliisukuma pembeni ripoti ya Daktari. Mwishowe aliuliza, "Na hao mbuzi, Bibi, walikuwa wakipotea kweli?"

"Mbuzi hawapotei kila mara saa nne, mwanangu," alisema Bi Ghaniya.

Aliaminiwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, barua pekee ya idara katika miaka yote ile iliyozungumza habari zangu na si za kaburi, na nimeihifadhi. Lakini kuaminiwa na kufutwa kwenye rejista ni mambo mawili. Rejista haikuwa na utaratibu wa kufuta jiko, kwa kuwa haikuwa na jiko. Ilikuwa na utaratibu wa kuhamisha kaburi tu. Kwa hiyo ikabidi lihamishwe.

Fomu ilikuwa ya kurasa sita. Jina la marehemu: nikaandika hajulikani. Sababu ya kifo: nikaacha wazi, ikarudishwa, nikaandika hakufa, ikarudishwa, nikaandika haijulikani, ikapokelewa. Uhusiano wa mwombaji na marehemu: nikaandika mjenzi. Ikarudishwa na maelezo kwamba lazima awe jamaa. Basi kisheria mimi ni jamaa wa mtu asiyekuwapo, na nasikia kuna wanaoniulizia kama kuna urithi. Fomu ilitaka pia pawepo shekhe, wafanyakazi wanne, na gari la wagonjwa.

Vyote vilikuja, asubuhi moja ya mwezi wa kumi, miezi minne baada ya barua yangu. Gari la wagonjwa halikuweza kupanda, likabaki bondeni injini ikiunguruma. Mkurugenzi alisimama na fomu, wafanyakazi na sululu, shekhe na kofia yake nadhifu. Bi Ghaniya alipanda kwa kushikwa mkono na Prossy, akipumzika kila baada ya hatua kumi, na alipopewa kiti cha plastiki alikikataa.

"Ndani mna maiti?" aliuliza shekhe.

"Hamna," nikasema.

"Palipata kuwa na maiti?"

"Hapajapata kuwa."

"Mimi basi nimeitiwa nini?"

"Fomu, shekhe," alisema mkurugenzi kwa sauti ndogo.

Shekhe akasema hana la kusoma, maana hasomewi asiyekuwapo. Hakuna aliyejua nani aseme anzeni. Wafanyakazi waliangalia sululu zao.

Bi Ghaniya ndiye aliyeinua mikono.

"Ya Rabbi," alisema, "mrehemu Masoud. Mpanulie kaburi lake. Alikuwa mtu mzuri, na hakunambia neno baya hata siku moja, wala mie sikumwambia zuri nililokuwa nalo. Msamehe kwa haya mawe. Alikuwa anataka kunikalisha tu."

Nilipata kuona hapo kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu zamani. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Na siku ya maziko ya Ami Masoud, Bi Ghaniya hakuwa mke wala dada wala binamu, kwa hiyo hakuwa na haki ya kukaa matangani pamoja na wafiwa, na hakuna mtu aliyempa mkono wa pole. Siku ile mimi mwenyewe nilipita mlangoni pake nikitoka makaburini. Nilimwuliza habari za mbuzi.

Nililia, na sikujificha.

Shekhe akasema amin. Mkurugenzi akasema amin, na wafanyakazi, na Prossy naye kwa namna ya kwao kanisani. Kisha shekhe alimsogelea Bi Ghaniya, akaweka mkono kifuani, akamwambia Mola akupe subira. Mkurugenzi akamfuata, akasema vivyo hivyo. Wafanyakazi wakaweka sululu chini, wakajipanga mstari, wakapita mmoja mmoja, na mimi nikawa wa mwisho. Nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimechelewa nayo miaka. Akayapokea kwa kichwa, kama yanavyopokewa na mwenye msiba.

Akajifuta uso kwa ncha ya leso, akavuta pumzi, akawatazama wale wanne.

"Haya," alisema, "vunjeni. Nataka nihamie kabla ya joto."